Kabla Uniite Nipige Video ya Kidimbwi Chako, Nionyeshe Moshi Unatokea Wapi

Nianze na kosa langu, ndio mtu asije akasema nimejificha nyuma ya mafundi.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilienda Nanyuki kupiga video ya nyumba moja ya kukodi. Mnajua zile: ukuta wa mawe, vioo kutoka sakafu hadi dari, na kidimbwi cha kuogelea ambacho asubuhi kinatoa mvuke huku Mlima Kenya umekaa pale nyuma kama mgeni wa heshima. Mwenye nyumba alikuwa analipa, tena kwa wakati, kitu ambacho kwa hii kazi yetu ni muujiza. Nikarusha droni. Kila nikiizungusha, kuna paipu moja ya bati imechomoza kwenye kibanda cha mashine ubavuni mwa nyumba, imepanda hadi ikapita paa, juu ina kofia. Nikamwambia kwa mzaha tu, "Mkubwa, hiyo paipu inaniharibia picha. Nyumba ya pesa yote hii inakaa kinu cha kusaga unga."

Akacheka. Nami nikacheka. Video ikatoka, ikashika, watu wakaanza kuuliza bei.

Mwezi wa saba akaniita tena. Safari hii nije na marafiki, tulale siku mbili, tuonyeshe venye mtu anaweza kuipita baridi ya Julai akiwa ndani ya maji moto. Nilipofika nikakuta paipu imekatwa. Ilibaki kipande cha urefu wa mkono, kinachungulia tu nje ya ukuta wa kibanda, na mbele yake wamesimamisha ukuta wa mbao uliopakwa vanishi, maua ya kupanda yamefungwa pale, safi kabisa. Matundu ya hewa ya kibanda nayo yalikuwa yamezibwa kwa sababu mgeni fulani alilalamikia kelele ya pampu. Mkubwa alinionyesha kwa fahari. "Si ulisema inaharibu picha? Nilikusikia, kijana wangu."

Na mimi, mtu niliyekaa darasa la uhandisi wa mitambo miaka miwili kabla karo inishinde, nikamwambia, "Sasa imekaa poa." Nikarusha droni.

Tulikuwa watano. Dirisha la chumba cha chini lilikuwa kama hatua mbili kutoka kile kipande cha paipu, na humo ndimo alilala dada mmoja anayefanya video za vipodozi, pamoja na binamu yake. Hita iliwashwa saa kumi jioni, na mkubwa aliagiza iachwe usiku kucha ndio maji yawe tayari kwa picha za alfajiri. Saa nne usiku dada akasema kichwa kinamuuma. Tukamwambia ni mwinuko, Nanyuki iko juu. Mwingine akasema ni njaa. Mwingine akasema ni mvinyo, na tukacheka. Saa nane usiku binamu yake akaja kutugongea mlango, anayumba kama mlevi na hakuwa ameonja kitu, anasema dada ametapika na haamki vizuri.

Nilimpigia shangazi yangu, ambaye ni nesi. Alikuwa usingizini. Hakuuliza tumekula nini. Aliuliza, "Kuna jiko la makaa humo ndani?" Nikamwambia hapana Anti, hapa ni kwa watu wa pesa, hakuna jiko. "Kuna kitu chochote kinaungua karibu na hapo?" Nikanyamaza. "Wee! Mtoeni huyo mtoto nje sasa hivi. Wote tokeni, msitafute hata viatu."

Pale tulipompeleka walimwekea kile kifaa cha kidole, kikasoma 98. Aliyekuwa zamu akasema oksijeni yake iko sawa, huyu ni pombe tu. Ikabidi shangazi, kwa spika ya simu, awaeleze kwa adabu zote kwamba kifaa hicho cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi. Zote kinaziona nyekundu. Hapo ndipo akawekewa barakoa ya oksijeni. Yuko hai, asante Mungu. Lakini kwa wiki tatu alikuwa anapoteza maneno katikati ya sentensi, na huyu ni mtu anayekula kwa kuongea mbele ya kamera.

Sasa niseme kilichonileta. Kuanzia leo, nyumba ambayo mwenyewe hawezi kunionyesha moshi wa hita unatokea wapi, siipigi video. Hata alipe mara mbili. Na nyinyi mnaonifuata, msilale hapo.

Najua kuna wale watasema natia chumvi, hita ya kidimbwi ni kama jiko la gesi tu, na sote tunapika na gesi kila siku. Hebu tufanye hesabu, hii moja haihitaji digrii. Kichomeo kikubwa cha jiko la nyumbani kina nguvu ya kilowati 3 hivi. Hita kubwa ya kidimbwi, zile zinazoandikwa BTU 400,000, ni kilowati 117. Ni kama umewasha vichomeo 39 kwa mpigo. Inakula kilo 8 hadi 9 za gesi kwa saa, yaani ule mtungi wako wa kilo 13 unaokutosha mwezi hauwezi kumaliza nao saa mbili. Kupasha kidimbwi cha lita 48,000 kutoka nyuzi 17 hadi 28 kunamaliza zaidi ya kilo 50 za gesi, kabla hujahesabu joto linalopotea kwa upepo wa usiku.

Na moto wa ukubwa huo unavuta hewa. Kuunguza gesi kiasi hicho kunahitaji zaidi ya mita za ujazo 100 za hewa kila saa. Kile kibanda cha Nanyuki kilikuwa mita mbili kwa mbili kwa mbili, yaani mita za ujazo 8. Hewa yake yote inamezwa chini ya dakika tano. Ukiziba matundu, moto haufi hapo hapo. Unaendelea kuungua vibaya, kwa njaa, na badala ya kutoa kaboni dayoksaidi na mvuke unaanza kutoa kaboni monoksidi.

Hiyo gesi haina rangi wala harufu. Ile harufu mbaya mnayoijua ya mtungi imeongezwa makusudi ili mtu ajue ikivuja. Ikishaungua, harufu imeungua nayo, kwa hivyo pua yako haina kazi hapo. Ikiingia kwenye damu inashika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haiachii upesi. Unaumwa kichwa, unachoka, unajisikia kutapika, unasema ni mafua au ni pombe, unaenda kulala. Kulala ndiko kunamaliza watu.

Sisi Wakenya tunaijua hii stori, tena vizuri. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia iliyoingiza jiko la makaa chumbani ikafunga dirisha. Tunatikisa kichwa, tunasema umaskini, tunasema watu hawajasoma. Na baada ya mlipuko wa gesi wa Embakasi, Februari 2024, kila mtu anaogopa mtungi kulipuka, na ni haki aogope. Lakini mtu huyo huyo anayemkanya mlinzi wake na jiko la makaa ndiye amejenga kibanda cha vanishi kuzunguka moto wa kilowati 117 mita mbili kutoka kitanda cha mgeni, kwa sababu paipu haipendezi. Hapo umaskini uko wapi?

Mwenye nyumba mmoja niliyemwambia haya alinijibu, "Lakini yangu iko nje." Hapa ndipo wengi wanateleza, naomba tukae kidogo.

Kuna hita zilizoundwa kusimama nje, peupe kabisa, bila bomba refu. Moshi unatokea juu yake na upepo unauchukua. Hiyo ni sawa, mradi ibaki peupe na isiwe chini ya dirisha, chini ya paa la baraza, wala kwenye kona ambayo upepo unazunguka na kurudi. Kanuni za gesi za Marekani, kwa mfano, kwa matundu mengi ya moshi ya aina hizi, zinataka angalau futi 4, yaani mita 1.2, kati yake na dirisha au mlango, na huo ni mpaka wa chini kabisa. Shida inaanza pale mwenye nyumba anaogopa wezi au mvua, au anaona hita ni mbaya machoni, akaijengea kibanda. Siku hiyo ameigeuza kuwa hita ya ndani, na hakuna aliyeipa bomba la ndani. Fundi wa ujenzi alimaliza kazi yake vizuri, wa kidimbwi alishaondoka zamani, na wa gesi haji mpaka mtungi uishe.

Ikiwa ndani, inataka vitu viwili na huwezi kuchagua kimoja. Cha kwanza ni njia ya hewa kuingia: tundu moja karibu na sakafu na lingine karibu na dari, kila moja ndani ya sentimita 30 kutoka mwisho wake, ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha hita, na yasiwe na wavu ulioziba kwa vumbi na buibui. Lile la chini lina kazi ya ziada, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatambaa sakafuni. Cha pili ni bomba la kutoa moshi, limepanda, limepita paa, lina kofia ya kuzuia mvua na upepo unaorudi. Urefu wake ndio unaolifanya livute. Moshi wa moto ni mwepesi, unapanda, na ukipanda unavuta ulio nyuma yake. Ukikata bomba umekata ule mvuto, na upepo mdogo tu unaurudisha moshi ndani. Na tafadhali, bomba liwe la chuma lililotengenezwa kwa moshi. Nimeona mahali fundi ameunganisha ile paipu ya plastiki ya maji taka. Moshi wa hita ya kawaida unatoka ukiwa na zaidi ya nyuzi 150. Plastiki ile italegea kama mshumaa.

Halafu kuna jambo la huku kwetu juu ambalo sijasikia mtu akilitaja kwenye video zake. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa huko ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Hita iliyowekwa kipimo cha pwani ukiipandisha huku inapata gesi ile ile na oksijeni pungufu. Ndiyo maana watengenezaji wanataka nguvu ipunguzwe, kwa zile za kawaida asilimia 4 hivi kwa kila mita 300 za ziada, au wanauza kabisa modeli ya nyanda za juu. Nairobi, Naivasha, Nakuru, Nanyuki, zote ziko juu. Ukinunua hita, muulize muuzaji imepimwa kwa mwinuko gani. Akikukodolea macho, tafuta muuzaji mwingine.

Na klorini, jamani. Kila chumba cha mashine nilichoingia, ndoo ya klorini iko kando ya hita kama mwenzake. Mvuke wa klorini ukivutwa kwenye moto unageuka asidi na kula chuma, ndani ya hita na ndani ya bomba. Bomba linatoboka kwa upande usioonekana. Kwa nje linang'aa.

Msidhani haya ni ya Kenya peke yake. Mwaka wa 1994 Vitas Gerulaitis, mchezaji tenisi aliyechukua taji la Australia mwaka wa 1977, alikufa usingizini katika nyumba ya wageni ya rafiki yake huko Southampton, New York. Alikuwa na miaka 40. Kilichomuua ni kaboni monoksidi ya hita ya kidimbwi iliyofungwa vibaya. Boma la matajiri, hita ya gesi, mgeni amelala. Nilivyosoma hiyo nilizima simu.

Inayoniuma zaidi ni ya Boone, North Carolina, mwaka wa 2013. Hoteli ina kidimbwi cha ndani, hita iko chini, na juu yake kuna chumba nambari 225. Aprili, wazee wawili, mume na mke, wakakutwa wamekufa humo. Hakuna aliyejua ni nini. Chumba kikaja kikafunguliwa tena. Juni, mvulana wa miaka 11 akafa kwenye chumba kile kile, na mama yake akaponea chupuchupu. Walipoangalia, bomba la moshi la hita lilikuwa limeliwa na kutu, lina matundu. Jimbo likapitisha sheria ya kengele za kaboni monoksidi hotelini mwaka huo huo. Soma tena hizo tarehe. Kati ya kifo cha kwanza na cha tatu kulikuwa na karibu wiki nane.

Ndiyo maana sikubali ile hoja ya "mbona haijawahi kutokea kwangu." Wale wageni wangapi wameondoka kwako Jumapili asubuhi na kichwa kinauma, wakasema ni sherehe? Hujui. Nami sijui ni wangapi walienda Nanyuki kwa sababu ya video yangu, kati ya Machi na Julai, baada ya paipu kukatwa. Hili ndilo linaloniamsha usiku.

Kuna aliyeniambia niache mambo ya mafundi kwa mafundi, mimi ni mtu wa kamera, tena niliyeacha shule. Sawa. Sijasema mtu anipe spana. Sina ruhusa ya kugusa hita ya mtu na sitaki. Kufunga, kupima moshi, kurekebisha vali, hiyo ni kazi ya fundi wa gesi aliyesomea, na karatasi yake iwe na tarehe ya mwaka huu. Lakini kutazama ni kazi yangu, nalipwa kutazama. Masizi meusi juu ya hita nayaona. Mwali wa manjano badala ya buluu nauona, ingawa hata mwali wa buluu hauapi kwamba kila kitu kiko sawa. Dirisha juu ya bomba naliona. Niliziona zote Julai, nikazipiga picha, nikazipa muziki.

Na sisi watengeneza kontenti tuache kujifanya tuko pembeni. Sisi ndio tulifundisha watu kwamba kidimbwi bila mvuke si kidimbwi. Sisi ndio tunasema "toa hiki, ficha kile". Mwenye nyumba anasikiza kijana mwenye wafuasi kuliko anavyosikiza kitabu cha maelekezo, na sisi hatujui hata kitabu hicho kinasema nini.

Kengele ya kaboni monoksidi, ile inayobandikwa chumbani, inauzwa kwa pesa ambazo hazifiki nusu ya usiku mmoja wa kukodi nyumba ile. Iwe kila chumba cha kulala kilicho karibu na hita, na ibonyezwe kitufe cha majaribio mbele ya mgeni. Mimi sasa natembea na yangu kwenye begi la kamera. Wenye nyumba wengine wanaiona kama matusi. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kukagua au kula. Nikamwambia vyote.

Nyinyi wa fleti zenye hita ndogo za gesi bafuni, hii ni yenu pia. Dirisha dogo mlilolifunga kwa gazeti lifungueni leo. Nitarudi kwenu siku nyingine, yenu ni ndefu.

Mkubwa wa Nanyuki kwanza aliniambia ni chakula. Baadaye, shangazi yangu alipoongea naye mwenyewe, akanyamaza muda mrefu, akasema, "Mama, nimeelewa." Sijataja jina lake hapa na sitalitaja, kwa sababu nikilitaja la kwake itabidi niliweke langu juu yake. Video zote mbili nimezifuta. Wiki iliyopita alinitumia picha: paipu mpya imepanda, imepita paa, ina kofia, na dada wa vipodozi amelipiwa gharama zote. Ananiuliza lini nije tupige upya. Nimemwomba picha ya matundu ya hewa ya kibanda, la juu na la chini, na karatasi ya fundi. Bado nangoja.